Kurudisha mwili baada ya saratani bila kutegemea sukari

Mgonjwa akitoka hospitali amekonda, kila anayekuja kumjulia hali hapa Mtwara hubeba alichojaliwa: soda, juisi ya boksi, biskuti, glukosi ya unga. Ni upendo, na upendo haukataliwi. Ila mimi daktari alinifungia njia hiyo. Nilitibiwa saratani ya tezi za limfu (limfoma) Dar es Salaam, na miongoni mwa dawa nilizopewa ilikuwamo prednisolone, ambayo huweza kupandisha sukari kwenye damu. Yangu ilipanda. Nikarudi nyumbani nguo zinanipwaya, nina maagizo mawili: ongeza uzito, punguza sukari.

Wengi wakisikia hivyo huona hayawezekani kwa pamoja. Yanawezekana. Gramu moja ya sukari ina kilokalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9. Kwa mtu ambaye tumbo halipokei chakula kingi, mafuta mazuri na protini ndivyo vinavyoleta mwili, na sisi watu wa Kusini tumejaliwa vyote: korosho, ufuta, karanga, nazi, samaki. Inaniuma kuona nyumba imepeleka magunia ya korosho mnadani, halafu mgonjwa wa humo humo anakunywa uji mweupe uliojazwa sukari.

Uji wangu wa asubuhi naupika hivi. Usiku nalowesha kiganja kimoja cha korosho. Zile za vipande zinatosha, na bei yake ni nafuu kuliko nzima. Asubuhi nazitwanga kwenye kinu pamoja na ufuta uliokaangwa kidogo, mpaka mchi uanze kunata na mafuta yaanze kung'aa pembeni. Unga wa mtama natia kidogo tu, ukishachemka vizuri namimina ile rojo na kuacha uive taratibu huku nakoroga, maana ukiuacha unashika chini. Hiliki, chumvi kidogo, basi. Utamu wa korosho unatosha. Gramu 30 za korosho peke yake zina takriban kilokalori 165 na protini gramu 5, na bado hujahesabu ufuta.

Mchana ugali au muhogo nakula, ila kidogo kuliko zamani. Nafasi iliyobaki kwenye sahani naijaza samaki, kunde au choroko, na kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Tui la nazi natumia, lakini si zito kila siku, kwa sababu mafuta yake si rafiki wa moyo kama yalivyo ya ufuta na korosho. Usidharau dagaa. Protini inayoshauriwa kwa mgonjwa wa saratani ni zaidi ya gramu 1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mwenye kilo 50 anahitaji gramu 50 hadi 75, na yai moja lina kama 6 tu. Kwa hiyo protini iwepo kila unapokula. Mwenye figo dhaifu aulize kwanza kliniki.

Usisubiri njaa. Baada ya dawa zile hamu ya kula huchelewa sana kurudi, na ukiifuata utashinda na chai kavu. Kula kwa saa, kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu. Maji na chai vinywe katikati ya milo, kwa sababu ukivitanguliza tumbo linajaa kabla ya chakula.

Shangazi yangu, kwa nia njema kabisa, alinisihi niache ugali, matunda na wanga wote: "Mwanangu, sukari ndiyo inayoilisha saratani." Nilimjibu kwa heshima, na ninamjibu hapa kila aliyeambiwa hivyo. Chembe zote za mwili hutumia sukari, za ubongo na za moyo pia, na ukiinyima mwili wanga kabisa, mwili huitengeneza wenyewe, hata kwa kuvunja msuli. Punguza sukari ya kijiko, soda na vitamu vya dukani. Embe kula, lakini kipande, tena baada ya chakula.

Msuli ndio unaotafutwa, maana kulala kitandani muda mrefu huumaliza. Kaa na kusimama kwenye kiti mara kadhaa, tembea jioni jua likipoa, nyanyua kidumu cha maji daktari akiruhusu. Chakula bila mazoezi huishia tumboni.

Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, hata kama ni machache yaliyobaki ghalani. Sumu kuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na yenyewe husababisha saratani ya ini.

Jipime mara moja kwa wiki, mizani ileile, asubuhi kabla ya kula. Kilo zikiruka ghafla ndani ya siku chache, bonyeza miguu juu ya kifundo: ikibaki shimo, hayo ni maji, na daktari anapaswa kuyaona. Na uzito ukiendelea kushuka ilhali unakula, au chakula kikikukwama kooni, au ukitapika kila unachokula, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda kesho yake asubuhi, na mtu wa kukusindikiza.