Picha ya mwanafunzi kwenye kundi la wazazi na mahali ilipopigwa

Je, picha ya mwanafunzi ukiituma kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, huonyesha mahali ilipopigwa? Hapana, ukiituma kama picha ya kawaida haibebi eneo ilipopigwa. Programu huondoa taarifa hizo inapoibana picha. Ila ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, zinabaki zote: latitudo, longitudo, hata saa. Hakikisha mwenyewe: jitumie picha moja kwa njia zote mbili, kisha fungua maelezo yake kwenye simu. Bora zaidi, inyime kamera ruhusa ya kujua mahali ulipo. Mimi kinachonitia hofu hasa ni nembo kwenye sare na kibao cha shule nyuma ya mtoto, maana hivyo programu haivigusi. Vikate au vizibe kabla ya kutuma.