Usikivu kufifia na mlio sikioni baada ya mionzi ya uvimbe wa neva ya sikio

Pole sana, ndugu. Umesema ni miezi minane tangu upigwe mionzi, sikio la kulia linazidi kufifia na mlio unakunyima usingizi. Usikivu unaweza kuendelea kushuka kwa miaka hata uvimbe ukiwa umedhibitiwa, kwa hiyo usikate tamaa kwamba tiba imeshindwa. MRI, yaani picha za ndani ya kichwa, ndiyo itakayosema. Lakini usikivu ukishuka ghafla, ndani ya siku 3, wahi hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza mapema. Vivyo hivyo uso ukilegea, au kichwa kikiuma na kutapika.

Omba kipimo cha usikivu kinachopima pia kuelewa maneno. Wengi hupoteza fedha hapa: kama sauti inafika ila maneno hayaeleweki, kifaa cha kawaida hukuza kelele tu. Ulizia cha aina ya CROS. Maikrofoni hukaa upande mbovu na kurusha sauti kwenye sikio zima.

Usiku usilale kwenye kimya kabisa. Washa feni au redio, sauti iwe chini kidogo ya mlio wenyewe. Ukiufunika wote, ubongo haupati nafasi ya kuuzoea. Mezani, keti watu wawe kushoto kwako.