Wasomaji Wanauliza: Msalaba wa Kilwa, Jabari wa Newala

Maswali ya mwezi huu yote matatu yamekuja na picha, na yote yametoka huku kwetu Kusini. Nimeyajibu hapa Mikindani, studio, usiku baada ya kumaliza kazi za picha za pasipoti.

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Kilwa Masoko. Katikati ya Machi, saa 3 na nusu usiku, nilisimama ufukweni nikielekea Kilwa Kisiwani, nikapiga picha ya anga kwa simu. Katikati ya picha kuna nyota nne zimekaa msalaba kabisa. Nimewaambia wanangu kuwa huo ndio Msalaba wa Kusini. Kaka yangu anabisha, anasema Msalaba wa Kusini una nyota tano. Tuamulie.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako amepata, ila usiifute picha hiyo, maana ina mambo mengi kuliko ulivyodhani.

Niliichapa kwenye karatasi ya A4, nikachukua rula. Msalaba wako una urefu wa karibu sentimita 4. Simu nyingi zikishikwa wima bila kukuza hubeba takriban nyuzi (digrii) 50 za anga kwa upana, kwa hiyo kwenye karatasi ile Msalaba wa Kusini wa kweli ungekuwa na sentimita 2 na nusu hivi. Hilo ndilo jambo linalowapoteza watu wengi. Wamesikia sifa zake miaka yote, wanatafuta kitu kikubwa, kumbe katika makundinyota yote 88 ndilo dogo kuliko yote. Nyoosha mkono, kunja ngumi, fumba jicho moja: ngumi hufunika nyuzi 10. Msalaba wa kweli unajificha nyuma yake na nafasi inabaki. Wa kwako unaijaza ngumi karibu yote.

Huo uliouona huitwa msalaba wa uongo. Nyota zake ni hafifu kidogo, hauna nyota ya tano, na hauna zile nyota mbili kali zinazoufuata Msalaba wa Kusini kama vielekezi. Machi na Aprili, saa kama hiyo uliyotoka, huwa umesimama juu kusini, mahali pazuri kabisa, ndiyo maana unanasa watu.

Mimi jina hilo la uongo silipendi. Nyota hizo nne ni vipande vya chombo cha baharini. Mbili ni za kundinyota la Matanga, mbili ni za Mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Zamani Wagiriki waliliona eneo lote lile kuwa merikebu moja kubwa. Kisha Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille akaja Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751, akapima nyota za kusini kwa zaidi ya mwaka mmoja, na merikebu ile ikagawanywa mafungu: Mkuku, Matanga na Shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi. Nilipomweleza kwamba juu ya bahari yetu kuna mkuku, matanga na shetri, alikaa kimya kitambo, kisha akaniuliza mlingoti uko wapi.

Sasa tazama upande wa kulia wa picha yako, juu kidogo ya usawa wa kati. Ile nyota nyeupe iliyozishinda zote ni Suheli. Katika anga nzima ya usiku inapitwa mwanga na nyota moja tu, Shira. Manahodha wetu waliifanya jina la upande: kaskazini ni jaa, kusini ni suheli. Baba alikuwa akisema "tia suheli", na mshika usukani anajua pa kuelekeza omo. Jaa yenyewe, nyota ya kaskazini, kwetu hapa haionekani kabisa, iko chini ya upeo usiku wote. Suheli tunayo, na wewe umeipiga picha bila kujua.

Tena, Msalaba wa Kusini umo kwenye picha yako. Nenda ukingo wa kushoto, kimo cha ngumi mbili kutoka majini. Uko pale umelala ubavu, mguu wake umeelekea katikati ya picha, na kichwa, ambacho ni nyota yenye wekundu, kimekatwa na ukingo. Ukikuza utaiona hata ile nyota ndogo ya tano anayoisema kaka yako, kati ya mguu na mkono wa juu. Vielekezi vyake vilikuwa chini zaidi, karibu na maji, vimebaki nje ya picha. Ungeigeuza simu kushoto kwa upana wa ngumi moja tu, ungeupata mzima.

Rudi hapo hapo katikati ya Mei, saa 3 usiku, na watoto. Msalaba wa Kusini utakuwa umesimama wima. Wafundishe kuchukua urefu wake, kutoka kichwani hadi mguuni, na kuurefusha kwenda chini mara nne na nusu, kuanzia mguuni. Hapo wanapofika ndipo anga yote ya kusini inapozungukia, na chini yake ndiyo kusini halisi. Kwa Kilwa ni kimo cha karibu ngumi moja tu juu ya upeo.

Nakushukuru kwa kuandika saa na upande uliosimama. Picha nyingi zinanifikia kwa WhatsApp zikiwa zimebanwa na kufutwa taarifa za saa na tarehe, nami nabaki kukisia. Wasomaji wengine, tumeni kama dokumenti, na muache kipande cha ardhi au bahari ndani ya picha. Picha ya nyota tupu bila upeo ni ngumu sana kuisoma, hata kwangu niliyeshika kamera tangu enzi za filamu.

SWALI: Mzee, shikamoo. Mimi niko Newala, na picha hii nimeipigia shamba la mikorosho la mama, Desemba, saa 2 usiku, nikitazama mashariki. Programu ya simu inasema ni kundinyota la Jabari (Orion), lakini haifanani na mchoro wa kitabu. Kitabuni amesimama na mkanda wake kiunoni, kwangu nyota tatu za mkanda zimesimama kama ngazi. Programu imekosea?

JIBU: Marahaba. Haijakosea. Michoro mingi ya vitabu imetoka kwa watu wa kaskazini ya mbali, ambao wakimtazama Jabari wanamwona amesimama. Sisi tuko nyuzi kumi tu kusini ya ikweta, kwetu anachomoza amelala. Kaa na picha yako hiyo hiyo, kitabu kifunge.

Anza na rangi, maana kamera inaona rangi kuliko jicho. Kushoto ya mkanda kuna nyota ya rangi ya kaa la moto linalofifia, hilo ni bega. Kulia, juu zaidi, kuna nyeupe yenye ubuluu, huo ni mguu. Rangi hizo mbili, na nyota tatu zilizopangana katikati yake, zinatosha kabisa. Kisha fuata mkanda kushuka: unafika kwa Shira, juu kidogo ya mikorosho. Fuata mkanda kupanda, ukielekea kushoto: utapita nyota moja ya rangi ya chungwa, na mbele yake kuna kifungu kidogo kama vumbi lililomulikwa. Hicho ni Kilimia. Mama yako bila shaka anakijua. Wazee husema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na walilimia kwa kukitazama. Muulize, umwonyeshe picha.

Kuhusu programu, mimi natumia Stellarium, na ni nzuri: unaweka mahali, tarehe na saa, unapata anga ya usiku ule. Ila ukiiachia simu ikuongoze kwa dira yake, kaa mbali na gari, mabati na kava zenye sumaku. Nimeona dira ya simu yangu ikihama upande mzima kwa sababu niliiegemeza kwenye geti la chuma.

SWALI: Kwenye picha yangu ya ufukwe wa Lindi, usiku usio na mbalamwezi, kuna nyota kumi na moja zimepangana mstari mmoja chini kabisa. Ni kundinyota gani?

JIBU: Ni wavuvi wa dagaa. Zikuze uone: kila moja ina mwanga wake umerefuka chini yake juu ya maji, na zote ziko kimo kimoja. Giza la mwezi unalolingoja wewe upate nyota ndilo wanalolingoja wao wawashe taa, kwa hiyo mtakutana kila mwezi. Ukitaka wasikuingilie, ngoja alfajiri wakirudi, saa 10 hivi, kabla hakujapambazuka.