Jibu: Mama ana presha, aanze qigong?

Dada uliyeuliza kama mama mwenye presha anaweza kujiunga na qigong (mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole na pumzi) hapa Tanga, anaweza kabisa, ila amwambie mwalimu mapema na dawa asiache hata siku moja. Aanze na Baduanjin, ni miondoko 8 tu ya Kichina inaenda polepole, hakuna kuruka wala kulala chini. Miguu iachane upana wa mabega, magoti yalegee kidogo, na pumzi asiibane jamani, hapo ndo watu wanapata kizunguzungu. Ule wa kuinama kushika miguu aishie magotini, kichwa kisishuke chini ya moyo. Avae raba bapa na dera lisiloburuza, basi. Ila mwalimu akisema qigong inatosha, dawa mzitupe, mtoe mama hapo fasta.