Maswali ya Wasomaji: Vipande vya DVD viungwe vipi?

Mkanda wa VHS wa harusi ya dada yetu ulihamishiwa kwenye DVD kwa deki ya kurekodia. Kwenye kompyuta naona folda ya VIDEO_TS yenye VTS_01_0.VOB, VTS_01_1.VOB mpaka VTS_01_4.VOB, na vifaili vidogo vya IFO na BUP. Nimebadili kila kimoja kuwa MP4, kisha nikaviunga. Kila penye kiungo picha inaruka na neno linakatika. Nifanyeje?
*Msomaji, Ngamiani, Tanga*

Umeanzia mwisho, ndugu yetu. Unga kwanza, ndipo ubadili fomati, tena ubadili mara moja tu. Kanuni za DVD haziruhusu faili la VOB, yaani lile lenye picha na sauti, kuzidi GB 1, kwa hiyo ukubwa ukifika hapo faili hukatwa popote lilipo, hata kama shehe yuko katikati ya khutba ya ndoa. Mafaili yako manne ni mkondo mmoja uliokatwakatwa. Kipande kikibadiliwa peke yake, fremu zake za mwanzo zinategemea fremu zilizobaki kwenye kipande kilichotangulia. Programu haizioni, inazitupa, na neno linakwenda nazo.

Nakili folda nzima kwenye kompyuta. Usifanye kazi moja kwa moja kutoka kwenye diski. Tenga nafasi ya GB 12 hivi. DVD iliyoandikwa GB 4.7 kwenye kasha huonekana GB 4.38 kwenye Windows, faili lililoungwa litakula kiasi kama hicho, halafu kuna MP4 yenyewe. Ingia ndani ya folda, andika cmd kwenye mstari wa anwani juu ya dirisha, bonyeza Enter, kisha andika:

`copy /b VTS_01_1.VOB+VTS_01_2.VOB+VTS_01_3.VOB+VTS_01_4.VOB harusi.vob`

Hiyo /b ndiyo roho ya amri. Bila hiyo Windows huyachukulia mafaili kama maandishi, na ikikutana na baiti inayomaanisha mwisho wa maandishi, inasimama hapo. Wengi hupata faili dogo la ajabu wakadhani DVD imeharibika. VTS_01_0.VOB iache nje, hiyo ni menyu. Ukikuta na VTS_02_1.VOB, huo ni mkusanyiko mwingine, uunge peke yake. Ukimaliza, linganisha: ukubwa wa harusi.vob uwe sawasawa na jumla ya vile vinne.

Usishtuke VLC, programu ya kuchezea video, ikikuambia harusi nzima ina dakika 12. Kila rekodi mpya kwenye deki huanza kuhesabu muda upya, na programu inasoma hesabu ya mwisho tu. Picha iko yote. Hesabu hiyo hurekebishwa wakati wa kubadili kwa ffmpeg, programu ya bure:

`ffmpeg -fflags +genpts -i harusi.vob -map 0:v:0 -map 0:a:0 -vf bwdif -c:v libx264 -crf 20 -preset slow -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4`

Namba ya crf ndiyo inayoamua ubora: 18 ni picha safi na faili kubwa, 22 ni faili dogo. Kushuka chini ya 18 kwa picha iliyotoka VHS ni kupoteza nafasi, maana utakuwa unahifadhi chembechembe za mkanda kwa uaminifu mkubwa.

Anayeogopa amri atumie programu ya MakeMKV. Inasoma mafaili ya IFO, yenye mpangilio wa diski, inaunga yenyewe, na haigusi ubora, ila inatoa faili la MKV badala ya MP4, na ukubwa unabaki uleule. Tahadhari moja: kwa kawaida huacha rekodi zisizofika sekunde 120. Kama diski ina vipande vifupi, punguza namba hiyo kwenye mipangilio kabla ya kufungua diski.

Na hizo tovuti za kubadili video bure, GB 4 utazipandisha kwa bando gani?

Nina mechi za Mkwakwani nilizorekodi kwenye DVD kutoka runingani, nyingine kwa SP (ubora wa kawaida) na nyingine kwa LP (muda mrefu zaidi). Nimezigeuza MP4 na kuziunga, sehemu ya pili ikaja na picha iliyobanwa na sauti iliyochelewa. Pia mpira ukipigwa unaonekana na meno kama ya kitana.
*Shabiki wa Coastal Union, Makorora*

Haya ni matatizo matatu, kaka, yamekutana siku moja.

Meno ya kitana yanatokana na jinsi runinga ya PAL, mfumo wa analojia uliokuwa ukitumika kwetu, ilivyokuwa ikituma picha: kila fremu ina nusu mbili za mistari iliyopishana, moja imepigwa baada ya nyingine. Kitu kikienda kasi, nusu hizo hazilingani. Dawa ni bwdif tuliyoiandika hapo juu. Inatoa picha 50 kwa sekunde badala ya 25, na kwa mpira ndivyo inavyotakiwa. Ukikutana na video iliyokwisha kubadiliwa bila hatua hii, mara nyingi haitengenezeki vizuri. Rudi kwenye DVD.

Picha kubanwa: SP hurekodi 720 kwa 576, ilhali kwenye deki nyingi LP hushusha upana hadi 352. Kuunga bila kubadili kunataka vipande vyote vilingane kwa vipimo, kwa fomati na kwa sauti. Kimoja kikitofautiana, programu inaunga hivyohivyo bila kulalamika, na kasoro utaiona kwenye runinga. Rudia kila mechi kutoka VOB, na kwenye amri ya ffmpeg ya hapo juu, badala ya `-vf bwdif` weka:

`-vf bwdif,scale=768:576,setsar=1 -r 50 -ar 48000 -ac 2`

Hizo 768 ni kwa picha ya umbo la zamani, 4:3. Kwa runinga pana andika 1024:576. Baada ya hapo tengeneza faili orodha.txt lenye mstari mmoja kwa kila mechi, kama `file 'mechi1.mp4'`, kisha:

`ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy zote.mp4`

Sauti ikiwa bado imechelewa, itazame kwa VLC ukibonyeza J au K. Kila mbonyezo unasogeza sauti milisekunde 50. Pengo likiwa lilelile mwanzo na mwisho, ni kuisogeza tu. Likizidi kukua, kuna kipande kilichopotea au sauti ya kipande kimoja ina kasi tofauti, na hapo kusogeza hakusaidii.

Diski inacheza kwenye deki yangu, kwenye kompyuta inaambiwa ni tupu.
*Msomaji, Pangani*

Haijafungwa, yaani deki haijaikamilisha ili isomeke kwenye vifaa vingine. Irudishe kwenye deki ileile iliyoirekodi, uchague Finalize kwenye menyu ya diski. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo diski inaweza kupotea, kwa hiyo tumia UPS (betri ya akiba) au subiri wakati umeme umetulia. Windows ikikuomba ifomati diski, kataa. Kama deki imekufa, jaribu programu ya IsoBuster, ambayo husoma diski zisizofungwa.

Ndani ya diski yangu hamna VIDEO_TS, kuna DVD_RTAV na faili moja VR_MOVIE.VRO. Flashi ya GB 16 inakataa kulipokea ingawa ni tupu.
*Msomaji, Muheza*

Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, na FAT32 haipokei faili linalofika GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Nakili kwenye kompyuta, au ifomati flashi kuwa exFAT. Runinga za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo kwa kutazamia ni bora MP4. VRO ni video ileile ya MPEG-2, ipe ffmpeg kama ilivyo. Rekodi zote za diski zimo humo mfululizo, na mipaka yake imeandikwa kwenye VR_MANGR.IFO, ambayo ffmpeg haiisomi. Kwa hiyo kata mwenyewe, na uanze na saa ulizoandika juu ya kasha kama uliziandika.