Maswali na majibu: Stenti, dawa ya kisukari na aspirini katika matibabu ya moyo

Swali: Baba yangu ana miaka 67 na hubanwa kifua akipanda ngazi. Daktari wa kwanza alitaka awekewe stenti, wa pili anasema tuanze na dawa. Je, huyu wa pili anamnyima baba haki yake?

Jibu: La, hamnyimi. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa kwenye mshipa wa mkono au wa paja hadi kwenye mshipa wa moyo uliobanwa, kisha kinatanuliwa kwa puto ili damu ipate njia. Kwa mtu aliyepatwa na shambulio la moyo, kuzibua mshipa haraka huokoa maisha, na hapo hakuna mjadala. Lakini ikiwa maumivu ya baba huja kwa kazi ile ile na huisha akipumzika, hali yake ni nyingine. Utafiti wa ISCHEMIA, uliowafuatilia wagonjwa 5,179 wa namna hiyo katika nchi 37 na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kuwa kuwahi kuzibua mishipa au kufanya upasuaji hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kwa jumla, ukilinganisha na kuanza na dawa.

Wengi hushangaa, nami naelewa kwa nini, maana bomba lililoziba huzibuliwa. Ila shambulio la moyo mara nyingi huanzia pale ambapo mshipa haujabanwa sana: utando laini unaofunika mafuta yaliyojijenga ukutani hupasuka, damu huganda juu yake, na njia hufungwa ghafla. Stenti hutibu sehemu moja. Dawa za kupunguza lehemu na shinikizo la damu huilinda mishipa yote.

Stenti haijapoteza kazi yake. Katika utafiti wa ORBITA-2 wa mwaka 2023, wagonjwa 301 walilazwa kwa dawa za usingizi bila kujua nani anawekewa stenti kweli na nani anafanyiwa utaratibu wa kuigiza tu. Waliowekewa walipata nafuu zaidi ya maumivu. Kwa hiyo, baba akitumia dawa ipasavyo na bado anabanwa, stenti ni chaguo halali. Muulizeni daktari pia kama shina la mshipa mkuu wa kushoto wa moyo limechunguzwa, kwa sababu waliobanwa hapo hawakuingizwa katika ISCHEMIA.

Swali: Mama ana moyo dhaifu na miguu humvimba. Ameandikiwa dapagliflozini, ambayo nasikia ni dawa ya kisukari, naye hana kisukari. Je, wamekosea?

Jibu: Hawajakosea. Dawa hii ilitengenezwa ili sukari itoke kwa mkojo, lakini katika utafiti wa DAPA-HF wa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 4,744 ambao zaidi ya nusu yao hawakuwa na kisukari, hatari ya moyo kuzidiwa au ya kufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ilipungua kwa asilimia 26. Hii ni habari njema kuliko nyingi nilizozipokea kuhusu ugonjwa huu. Mama akitapika, akiharisha au akishindwa kula, awasiliane na daktari kabla ya kuendelea kuimeza.

Swali: Nina miaka 72 na sijawahi kuugua moyo. Je, nianze aspirini kila siku kujikinga?

Jibu: Usianze. Utafiti wa ASPREE wa mwaka 2018, wenye wazee 19,114, haukuona kinga ya maana kwa moyo, bali uliona kuvuja damu kulikoongezeka. Aliyewahi kupata shambulio au kuwekewa stenti ni mtu mwingine, na aspirini yake asiiache.

Swali: Nilipata shambulio la moyo miaka miwili iliyopita. Je, niendelee na beta-bloka, ile dawa ya kupunguza kasi ya mapigo ya moyo?

Jibu: Hutegemea nguvu ya moyo wako kusukuma damu. Utafiti wa REDUCE-AMI wa mwaka 2024 haukuona faida kwa wagonjwa 5,020 ambao mioyo yao ilikuwa na nguvu ya kawaida, ingawa tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote. Mwombe daktari akupime moyo upya kwa mawimbi ya sauti, na hata akikubali uiache, ipunguzwe polepole, kwani kuikatiza ghafla kunaweza kurudisha maumivu ya kifua na kuufanya moyo uende mbio.