Dawa ya kukojoa ikikutana na antibayotiki

*Shikamoo. Mama ana miaka 71 na anatumia spironolaktoni kwa ajili ya moyo. Juzi alipata UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), duka la dawa wakampa Septrin. Kuna ubaya? – Binti, Nkuhungu*

Marahaba binti yangu. Upo ubaya, ndiyo maana nimeanza na wewe. Spironolaktoni ni dawa ya kukojoa: inatoa maji lakini inabakiza madini ya potasiamu mwilini. Ndani ya Septrin, antibayotiki aliyopewa, mna trimethoprimu, nayo inazuia figo kutoa potasiamu hiyohiyo. Kwa mtu wa umri wake, ambaye figo hazina tena nguvu za ujana, potasiamu inaweza kupanda ndani ya siku chache tu. Ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo, na mara nyingine mgonjwa hajisikii chochote kabla.

Septrin isimame kwanza. Mpeleke kituoni leo na maboksi yote mawili, apimwe potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo), abadilishiwe antibayotiki. Zipo nyingine za UTI. Ile ya moyo asiiache mpaka daktari aseme. Miguu ikilegea, moyo ukipiga ovyo au akizimia, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane usiku.

*Natumia HCT ya presha. Nimeng'oa jino, nimepewa amoksi. Jirani ananiambia nisimamishe ya presha mpaka nimalize dozi. – Kizota*

Jirani amekosea. HCT ni dawa ya kukojoa inayoshusha presha, na amoksi (amoksilini) ni antibayotiki ya jamii ya penisilini. Kunywa zote mbili kama ulivyoandikiwa, labda kama una mzio wa penisilini. Presha haikupi likizo kwa sababu ya jino.

Nikuombe jambo moja, wewe na wengine. Mwezi uliopita mzee mmoja kutoka Chamwino alinimwagia juu ya kaunta vibahasha vitatu vya kaki. Vyote vina vidonge vyeupe vya duara, vyote vimeandikwa “1x1”, jina la dawa hakuna hata kimoja. “Moja ni ya kukojoa,” akasema, “ila sikumbuki ipi.” Hapo hata mimi niliyesomea nilibaki kukodoa macho. Ukipewa bahasha, usiondoke dirishani kabla jina na miligramu havijaandikwa.

*Baba amelazwa. Anachomwa Lasix na jentamaisini. Nimeziingiza kwenye programu ya simu, imetoa alama nyekundu. Nimkatalie daktari? – Area C*

Usimkatalie, muulize. Simu haijakudanganya: jentamaisini, ambayo ni antibayotiki, inaweza kuumiza figo na masikio, na Lasix, ambayo ni dawa ya kukojoa, inaongeza hatari kwenye masikio, hasa ikichomwa kwa dozi kubwa au haraka, au figo zikiwa dhaifu. Masikio yakiharibika hivyo, usikivu unaweza usirudi. Lakini simu haijui umri wa baba, kreatinini yake ya jana, wala ugonjwa wenyewe ukoje. Kuna maambukizi ambayo daktari huamua jentamaisini bado inafaa, akaitumia kwa siku chache huku akipima figo. Basi muulize hivi: figo zimepimwa lini, jenta itaendelea siku ngapi, ipo dawa mbadala? Daktari makini hakasirikii maswali hayo. Na kila siku muulize baba kama masikio yanavuma, kama anasikia vizuri, kama ana kizunguzungu. Akisema ndiyo, mwite muuguzi papo hapo.

*Ninatumia HCT, sasa nimeongezewa doksi. Nalima zabibu Mvumi. Kuna shida? – Mkulima*

Tatizo lako ni jua. HCT na hiyo antibayotiki ya doksi (doksisaiklini), kila moja inaweza kuifanya ngozi iungue upesi, na jua la kwetu unakutana nalo shambani tangu saa tatu asubuhi. Vaa kofia pana na shati la mikono mirefu, kazi ya wazi ifanye alfajiri. Doksi inywe kwa glasi nzima ya maji, usilale hapohapo, itakuchoma koo. Ngozi ikianza kutoa malengelenge, rudi kwa aliyekuandikia.